Kuoka Vitafunwa Vitamu kwa Boga: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Sukari na Mafuta

Boga haliigeuzi keki kuwa chakula cha afya kwa kutiwa ndani yake tu. Keki iliyokusudiwa gramu 300 za sukari itabaki na gramu 300 za sukari hata ukiichanganya na boga zima, na pengine itakuwa nzito na yenye majimaji kuliko ilivyokuwa awali. Thamani ya boga katika kuoka iko kwenye vile linavyotuwezesha kupunguza: nyama yake laini inashika nafasi ya sehemu ya mafuta, nyuzinyuzi na pektini zake (dutu ya asili ya matunda inayogandisha majimaji) zinashika unyevu ambao kwa kawaida hushikwa na sukari, na harufu yake, hasa likichomwa vizuri, inaufanya ulimi uhisi utamu ambao kwa kweli ni mdogo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitumia sifa hizo hatua kwa hatua, kuanzia kulichagua boga hadi kukitoa kitafunwa kwenye oveni.

Maboga yanayohusika hapa ni yale yanayovunwa yakiwa yamekomaa kabisa, ganda likiwa gumu, ambayo yanaweza kukaa miezi kadhaa bila kuoza. Hayo ni tofauti na maboga machanga yanayoliwa pamoja na ganda lake laini, kwa kuwa machanga yana maji mengi na wanga kidogo, na hayafai kwa kazi hii.

Kuchagua boga

Kwa mwokaji, jamii mbili za mimea ndizo zenye manufaa zaidi. Ya kwanza ni Cucurbita moschata, ambamo limo boga la butternut lenye umbo la chupa na nyama ya rangi ya chungwa isiyo na nyuzi ndefu. Ya pili ni Cucurbita maxima, yenye Kabocha na Hubbard, ambayo nyama yake ni kavu na yenye wanga mwingi, inayokaribia viazi vitamu kwa umbile. Jamii ya tatu, Cucurbita pepo, ina maboga makubwa yanayochongwa kwa mapambo. Hayo yana maji mengi na nyuzi nyingi, na ladha yake ni hafifu. Ukilazimika kuyatumia, tarajia kazi ndefu zaidi ya kukausha.

Pendekezo langu kwa anayeanza ni butternut, kwa sababu humenyeka kwa urahisi, mbegu zake ziko upande mmoja tu, na matokeo yake hayabadiliki sana kutoka tunda moja hadi jingine. Kabocha ina ladha nzuri zaidi, lakini ukavu wake unamtaka mwokaji aongeze maziwa au mtindi kwa kukadiria, jambo linalohitaji uzoefu kidogo.

Tunda lililokomaa hujulikana kwa kikonyo kikavu kilicho imara, ganda lisilotoboka kwa ukucha, na uzito mkubwa kuliko linavyoonekana kwa macho. Usilikatae boga kwa sababu limekaa ghalani, kwa maana katika wiki za kwanza baada ya kuvunwa sehemu ya wanga wake hugeuka sukari, na Kabocha iliyovunwa jana mara nyingi huwa na utamu mdogo kuliko ile iliyopumzishwa mwezi mmoja. Boga zima lihifadhiwe mahali pakavu penye hewa, kwenye nyuzijoto 10 hadi 15 za Selsiasi, wala lisitiwe kwenye friji, kwa kuwa baridi iliyo chini ya nyuzi 10 huharibu nyama yake. Likishakatwa, lifunikwe na liwekwe kwenye friji, na litumike ndani ya siku nne.

Jambo moja la usalama lisipuuzwe. Kabla ya kupika, onja kipande kidogo sana cha nyama mbichi. Ikiwa ni kichungu, kiteme na ulitupe boga lote bila kulihurumia. Uchungu huo unatokana na sumu za asili ziitwazo kukabitasini, ambazo haziondolewi kwa kupika wala kufichwa kwa sukari, na zinaweza kusababisha maumivu makali ya tumbo na kutapika.

Kutengeneza rojo: hatua inayoamua kila kitu

Nyama mbichi ya butternut ni maji kwa takribani asilimia 86, na kila gramu 100 zina kilokalori 45 hivi, nyuzinyuzi gramu 2, na sukari gramu chache tu. Takwimu hizo zinatufundisha mambo mawili: kwamba boga peke yake haliwezi kubeba utamu wa keki nzima, na kwamba anayetia rojo la boga kwenye unga kwa kweli anatia maji. Makosa mengi ninayoyaona katika vitafunwa vya aina hii, kuanzia mkate wenye tabaka la ulojo chini hadi biskuti zinazolowa usiku mmoja, chanzo chake ni maji ambayo hayakuondolewa mapema.

Kwanza, choma badala ya kuchemsha. Boga lililochemshwa hunywa maji na kuacha sehemu ya sukari yake kwenye sufuria, ilhali lililochomwa hupoteza maji na sukari yake hukolea. Washa oveni ifike nyuzi 200. Lipasue boga katikati kwa urefu kwa kisu kizito, ukianza kwa kukata kipande chembamba upande mmoja ili likae imara juu ya ubao. Watu wengi hujikata mikono kwa kulipasua tunda linalobingirika. Ikiwa ganda ni gumu mno, litoboe mara kadhaa kwa ncha ya kisu, ulichome zima kwa saa moja hadi saa moja na nusu kwenye nyuzi 190, kisha ulipasue likiwa limelainika. Hakuna aibu katika njia hiyo, nami huitumia kwa Hubbard kila mara.

Pili, toa mbegu na uziweke kando, paka mafuta kidogo sana kwenye sehemu iliyokatwa, kisha laza nusu hizo kifudifudi juu ya karatasi ya kuokea. Choma dakika 45 hadi 60, mpaka kisu kiingie hadi kwenye ganda bila kuzuiwa na kingo zianze kuwa za kahawia. Rangi hiyo ndiyo ladha. Boga lililotolewa mapema likiwa bado la manjano hafifu huleta keki isiyo na harufu. Ligeuze likiwa bado moto na uliache dakika 15 ili mvuke utoke badala ya kurudi kwenye nyama.

Tatu, chota nyama kwa kijiko na uisage kwa blenda mpaka iwe laini kabisa. Usiongeze maji ili kuisaidia blenda izunguke. Simamisha mashine, koroga kwa mwiko, uendelee. Boga la kilo moja hutoa rojo la takribani gramu 600.

Nne, kausha. Mimina rojo kwenye sufuria pana, ulipike kwa moto wa wastani huku ukikoroga bila kuacha kwa dakika 10 hadi 15. Linalokusudiwa ni uzito wake upungue kwa robo hivi: gramu 600 zishuke hadi kama 450. Mizani ndiyo shahidi mzuri kuliko jicho, lakini asiye nayo atumie kipimo hiki: pitisha mwiko katikati ya sufuria, na rojo lililo tayari litaacha njia wazi inayofungika polepole, bila maji kutiririka pembeni. Kipimo kingine ni kuweka kijiko kimoja juu ya sahani na kungoja dakika tano, kwani rojo bichi huzungukwa na duara la maji. Mwanzoni nilikuwa nikiiona hatua hii kuwa ya kupoteza muda, na nilioka mikate kadhaa iliyobonyea katikati kabla ya kukubali.

Rojo lililopoa hukaa kwenye friji siku tatu hadi nne, na kwenye friza miezi kadhaa. Ligandishe katika mafungu ya gramu 150 ili usilazimike kuyeyusha lote. Likiyeyuka litatoa maji tena, nayo yamwagwe. Usijaribu kulifungasha kwenye mitungi nyumbani ili likae kabatini, kwa kuwa rojo la boga lina asidi kidogo na ni zito mno kiasi kwamba joto halipenyi sawasawa hadi katikati, hali inayoweza kuacha bakteria wa sumu ya botulini wakiwa hai. Rojo la kopo la dukani linafaa, mradi orodha ya viambato iwe na boga pekee, bila sukari wala viungo. Nalo pia likaushwe.

Kiasi gani kinaweza kupunguzwa

Sukari hufanya kazi nyingi zaidi ya kutia utamu. Hushika unyevu, huulainisha mkate kwa kuzuia gluteni (protini ya ngano inayoufanya unga uvutike) isikaze, husaidia rangi ya kahawia kutokea, na huchelewesha ukungu. Ndiyo maana haifai kuiondoa yote kwa mara moja. Kutokana na majaribio yangu, mapishi ya kawaida hustahimili kupunguziwa theluthi moja ya sukari bila mlaji kutambua, na hustahimili nusu ikiwa boga limechomwa vizuri na viungo vimetiwa kwa ukarimu. Zaidi ya hapo, umbile lenyewe hubadilika, na unapaswa kukubali kwamba unaoka kitu kingine.

Kwa mafuta, badilisha nusu kwa rojo lililokaushwa, uzito kwa uzito: ukiondoa gramu 60 za mafuta, tia gramu 60 za rojo. Wapo wanaoondoa mafuta yote, na mkate wao huwa kama mpira. Mafuta huzifunika chembe za unga ili gluteni isiungane sana, kazi ambayo maji ya boga hayawezi kuifanya. Kuna sababu nyingine ya kuyabakiza kiasi: beta-karotini, ile rangi ya chungwa ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi chakula kikiwa na mafuta.

Kuhusu unga, tumia mchanganyiko wa unga wa ngano isiyokobolewa na unga mweupe, wa kwanza ukizidi kidogo. Pumba zilizomo kwenye unga usiokobolewa hunywa maji polepole, na zisipopewa muda huufanya mkate ukwaruze ulimi. Dawa yake ni kuuloweka unga huo ndani ya rojo na mtindi kwa nusu saa kabla ya kutia vichachusho (bekingi pauda na bekingi soda), kama inavyoelezwa hapa chini.

Viungo vya harufu ndivyo msaidizi mkuu wa anayepunguza sukari. Mdalasini, iliki, tangawizi kavu na vanila huamsha hisia ya utamu, na chumvi kidogo huikamilisha. Karafuu na kungumanga zitiwe kwa mkono mwepesi, kwani zikizidi huacha ladha ya dawa.

Mkate mtamu wa boga

Hili ndilo pishi la msingi, na anayelimudu ataweza kuyabuni mengine. Linatosha chombo cha mkate chenye urefu wa sentimita 23 na upana wa sentimita 13.

Andaa rojo lililokaushwa gramu 300, mtindi usio na sukari gramu 80, unga wa ngano isiyokobolewa gramu 140, unga mweupe gramu 100, sukari ya kahawia gramu 110, mafuta ya kupikia yasiyo na harufu mililita 70, mayai makubwa 2, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini vijiko viwili vya chai, tangawizi kavu kijiko kimoja, iliki nusu kijiko na kungumanga robo kijiko. Mtindi haukuwekwa kwa ajili ya ladha tu: boga lina asidi hafifu, na bekingi soda huhitaji asidi ya kutosha ili itoe gesi na isiache ladha ya sabuni.

Changanya rojo, mtindi na unga usiokobolewa katika bakuli kubwa, funika, uache dakika 30. Wakati huo washa oveni ifike nyuzi 175, paka mafuta kwenye chombo na utandike karatasi ya kuokea inayotokeza pande mbili ili mkate utolewe bila kuvunjika. Katika bakuli la pili, piga mayai na sukari kwa dakika mbili mpaka mchanganyiko upauke, kisha mimina mafuta kidogo kidogo huku ukiendelea kupiga. Unganisha huo na mchanganyiko uliolowekwa, ukikoroga mpaka mabonge yaishe.

Chekecha pamoja unga mweupe, bekingi pauda, bekingi soda, chumvi na viungo, umimine juu, na uchanganye kwa mwiko kwa mizunguko michache. Acha mara tu unga mkavu unapotoweka, hata kama mchanganyiko bado una vidonge vidogo, kwa sababu kuanzia hapa kila mzunguko wa ziada huikaza gluteni. Mchanganyiko sahihi ni mzito na huanguka kutoka kwenye mwiko kwa mafungu. Ukitiririka kama uji, rojo lako halikukauka. Ongeza unga mweupe kijiko kimoja cha chakula kwa wakati, usizidishe vitatu.

Mimina kwenye chombo, sawazisha juu, na unyunyizie mbegu za boga ukipenda. Tumia za boga hasa, si za alizeti, kwani mbegu za alizeti zikikutana na bekingi soda hugeuka kijani ndani ya mkate. Hazidhuru, lakini mgeni hatakuamini.

Oka dakika 55 hadi 65. Ukiona juu panakuwa kahawia iliyokoza mapema, funika kwa karatasi ya alumini baada ya dakika 40. Kijiti kilichochomwa katikati kitoke kikiwa na chembe chache kavu, bila ulojo. Mwenye kipimajoto cha chakula angoje katikati ifike nyuzi 95 hadi 98. Hapa kijiti hudanganya, kwa kuwa mkate wa boga hubaki na unyevu hata ukiwa umeiva, na ukiwa na shaka ni afadhali kuongeza dakika tano kuliko kuzipunguza. Uache ndani ya chombo dakika 15, uutoe, na usiukate mpaka upoe kabisa, maana wanga huendelea kukaza unapopoa na kisu cha mapema huuacha na umbo la kinamo.

Ukikatwa vipande 12, kila kimoja kina sukari iliyoongezwa takribani gramu 9. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima wa kawaida. Kipande kimoja kinaingia humo kwa raha. Vitatu vinamaliza kiwango cha siku nzima.

Biskuti laini za oti

Biskuti za boga haziwezi kuwa kavu na za kuvunjika kwa mlio, na anayeahidi hivyo hajawahi kuzionja siku ya pili. Zikubali kuwa laini.

Katakata tende gramu 80, uziloweke kwenye vijiko viwili vya maji moto mpaka zilainike, kisha uzipondeponde. Zichanganye na rojo gramu 120 lililokaushwa zaidi ya kawaida mpaka lishikane kama bonge, siagi ya karanga gramu 60, sukari gramu 40, ute wa njano wa yai moja, na chumvi kidogo. Ute mweupe umeachwa makusudi, kwani ni maji tupu kwa kazi hii na huifanya biskuti ivimbe kama keki. Tia oti gramu 150, unga usiokobolewa gramu 100, mdalasini kijiko kimoja cha chai na bekingi pauda nusu kijiko cha chai. Pumzisha kwenye friji dakika 30, tengeneza viduara vya ukubwa wa kokwa la jozi (walnut), uvibonyeze viwe bapa kwa sababu havitatanuka vyenyewe, na uoke kwenye nyuzi 175 kwa dakika 14 hadi 16. Zihifadhi zikiwa zimetenganishwa kwa karatasi, la sivyo zitashikana. Tambua kwamba tende nazo ni sukari. Faida yake ni nyuzinyuzi zinazoambatana nayo.

Kastadi ya boga isiyo na unga

Kwa asiyekula ngano, hiki ndicho kitafunwa ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachoonyesha ladha ya boga bila kufichwa. Changanya rojo gramu 250, mayai 3, sukari gramu 60, vanila, iliki na chumvi kidogo, kisha ongeza maziwa mililita 300 yaliyopashwa moto bila kuchemka, ukiyamimina taratibu huku ukikoroga ili mayai yasigande. Usipige kwa nguvu, kwa maana povu huacha matundu. Chuja kwa chujio laini, ugawe katika vibakuli sita vya kuokea, uvipange kwenye trei yenye kina na umimine maji moto hadi nusu ya kimo cha vibakuli. Maji hayo huyalinda mayai dhidi ya joto kali.

Oka kwenye nyuzi 160 kwa dakika 35 hadi 45. Kingo ziwe zimeshika ilhali katikati bado panatetema unapokitikisa kibakuli. Ukingoja mpaka patulie, mayai yatakuwa yamekaza na kutoa maji. Poza, kisha weka kwenye friji kwa saa nne.

Mbegu na uhifadhi

Mbegu ulizoziweka kando zioshe, zikaushe kwa kitambaa, uzipake mafuta kidogo na chumvi, na uzichome kwenye nyuzi 160 kwa dakika 15 hadi 25, ukizigeuza mara mbili.

Mkate ladha yake hukomaa siku ya pili, viungo vikishaenea, kwa hiyo uuoke jana yake ikiwa unatarajia wageni. Lakini kwa kuwa una sukari kidogo na unyevu mwingi, hupata ukungu mapema kuliko keki za kawaida: nje ya friji usipite siku mbili, na katika hali ya hewa yenye joto uuweke kwenye friji tangu siku ya kwanza, ukiwa umefungwa vizuri. Sehemu usiyotarajia kuila ndani ya siku nne ikate vipande, utenganishe kila kipande kwa karatasi, na uigandishe hadi miezi mitatu; kipande kilichoganda hupashwa moja kwa moja kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, dakika tatu kila upande, na kingo zake hukauka kidogo kwa namna ambayo hata mkate mpya hauipati.